Mkunga na Msaidizi wa Daktari: Nafasi ya Mwanamke katika Elimu ya Tiba ya Kongo

Mulongo ni mji mdogo kando ya mto Lualaba, katika mkoa wa Haut-Lomami ambao makao yake makuu ni Kamina. Huko, kama kwingineko katika nchi ya Waluba, uzazi ulikuwa mikononi mwa wanawake wazee kabla ya utawala wa Wabelgiji. Ujuzi wao ulirithishwa kwa kutazama na kutenda. Elimu ya tiba iliyoletwa na ukoloni haikujengwa juu ya msingi huo.

Tiba ya kikoloni ilimtazama mwanamke kwanza kama mzazi. Katika Katanga sababu yake ilikuwa dhahiri: migodi ilihitaji watu. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianza kuwahimiza wafanyakazi wakae kambini na wake zao, na ikaanzisha huduma za wajawazito na watoto wachanga. Mtoto wa leo alihesabiwa kuwa kibarua wa kesho. Maradhi ya mwanamke yasiyohusu mimba hayakupewa uzito huo.

Mafunzo nayo yalifuata mtazamo huohuo. Shule ya wasaidizi wa madaktari iliyofunguliwa Léopoldville mwaka 1936 ilikuwa ya wanaume. Hao walifundishwa habari za mwili mzima, maradhi na dawa. Wasichana waliopata nafasi walielekezwa kwenye ukunga usaidizi. Hivyo mwanamume alifundishwa kutibu, mwanamke akafundishwa kuzalisha.

Matokeo yake yalionekana mwaka 1960. Kongo ilipopata uhuru haikuwa na daktari mzalendo hata mmoja. Ilikuwa na wasaidizi wa madaktari wapatao 130. Makumi kati yao walipelekwa Ufaransa kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani ili wakamilishe masomo ya udaktari. Daraja hilo lilianzia kwenye shule za wasaidizi. Mkunga msaidizi, hata awe hodari namna gani, hakuwa na pa kulipandia.

Huenda ikadaiwa kwamba wasichana waliosoma vya kutosha walikuwa wachache. Ni kweli, lakini uchache huo wenyewe ulitengenezwa. Elimu ya msichana ilikazia ushonaji, upishi na malezi, kisha ukosefu wa sayansi ukatumiwa kuwa hoja ya kumzuilia mlango.

Kwa hiyo, kuhesabu wasichana waliomo darasani leo hakutoshi. Inafaa kuuliza pia ni mwili wa nani unaofundishwa humo, na kwa ajili gani. Mwanamke wa Mulongo anayeugua moyo au figo anastahili kupimwa kwa makini yaleyale anayopimiwa akiwa mjamzito. Elimu inayomjua kwa tumbo la uzazi pekee bado haijamjua.