Kihatarishi Ni Kipi Hasa?

Mkulima wa Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, anachopulizia kwenye kabichi hakiiti sumu. Anakiita dawa. Anapima kwa kifuniko cha chupa, anakoroga kwa kijiti, anajitwika bomba mgongoni na kuanza kupanda matuta. Bomba likivuja, dawa hulowanisha shati mpaka kiunoni, na shati lenyewe huvuliwa jioni. Chupa ina utepe wa rangi: nyekundu kwa sumu kali zaidi, kisha njano, buluu na kijani. Ni rahisi kuona kijani na kudhani hakuna la kuogopa. Lakini rangi ile hueleza sumu ya papo hapo, ile inayomwangusha mtu leo au kesho. Kuhusu saratani, ambayo huweza kuchukua miaka mingi kujitokeza, haisemi kitu.

Akiuliza, “Hii dawa inaleta kansa?” anakuwa ameuliza maswali mawili kwa mpigo. La kwanza: je, kitu hiki kina uwezo wa kuleta saratani? La pili: je, mimi ninayekitumia hivi, kwa kiasi hiki, nina uwezekano gani wa kuipata? Wataalamu wa sumu hutenganisha mambo hayo tangu mwanzo wa kazi yao. Kiswahili chetu kimeyaita yote hatari, na siku hizi yote kihatarishi.

Kihatarishi ni neno lililoundwa vizuri. Limetoka kwenye kitenzi hatarisha, kama kisababishi kilivyotoka kwenye sababisha, kwa hiyo kwa umbo lake linataja kitu kinachohatarisha. Ndivyo linavyotumika kwenye usalama kazini: vumbi, kelele na kemikali ni vihatarishi. Ila ukifungua ripoti za ukaguzi wa hesabu utakuta “usimamizi wa vihatarishi”, na hapo maana imehama: sasa ni uwezekano wa mambo kwenda mrama. Kwa mhasibu labda si neno. Kwa mtu aliyebeba bomba, ni tofauti kubwa mno.

Morogoro inaijua tofauti hiyo kwa uchungu. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka karibu na Msamvu, watu wakaenda kuchota petroli, moto ukalipuka, na waliofariki walizidi 100. Petroli ile ilikuwa na uwezo ule ule wa kuwaka tangu ilipopakiwa. Kilichobadilika ni kwamba ilimwagika na watu wakaikaribia. Petroli hiyo hiyo ina benzini, inayoweza kuleta saratani ya damu. Mhudumu wa sheli anayevuta mvuke wake kila siku kwa miaka na abiria wa basi anayepita mara moja wanakutana na kihatarishi kimoja, lakini uwezekano wao wa kudhurika haulingani hata kidogo.

Hapo ndipo penye mkanganyiko wa orodha ya Lyon, Ufaransa, yalipo makao ya shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani. Kundi la 1 ni vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. 2A ni vile vinavyoelekea kuileta. 2B ni vile ambavyo huenda vikaileta. Na 3 ni vile ambavyo ushahidi wake hautoshi kuviainisha. Ukitafsiri 2A na 2B zote kwa “huenda”, umefuta ngazi nzima. Na kinachopimwa ni uthabiti wa ushahidi, si ukali wa madhara: tumbaku na soseji zote zimo Kundi la 1, ingawa tumbaku huua watu wengi zaidi kwa mbali.

Machi 2015 shirika hilo liliiweka glaifosati, dawa ya magugu, katika 2A, pamoja na viuatilifu malathioni na diazinoni. Mei 2016 jopo la wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani likasema glaifosati haielekei kumletea mlaji saratani kupitia chakula. Wengi waliona wanasayansi wanapingana. Maswali ndiyo yaliyotofautiana: la Lyon liliihusu kemikali yenyewe, la jopo lilihusu mabaki yake kwenye sahani. Shati lililolowa halikuwa kwenye sahani.

Basi kihatarishi kibaki kwa kitu chenyewe, na hilo la pili liitwe uwezekano wa kudhurika. Ni maneno matatu mahali pa moja, lakini kila moja linaeleweka sokoni Nyandira bila mkalimani. Na atakayetaka kumjibu mkulima kwa haki itabidi amuulize kwanza: bomba ngapi kwa siku, siku ngapi kwa msimu, miaka mingapi, glavu anazo, na shati analifulia wapi. Maana maji ya Mgeta huingia Ruvu, na ya Ruvu hunywewa Dar es Salaam. Huko nako kihatarishi ni kile kile, na hesabu yake ni nyingine.