Jiko la Waluguru na Mas-ala ya Wajibu wa Kupika

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake. Ama baada ya hayo.

Kesi hii maimamu wetu wanaijua. Kijana ameoa, miezi michache tu imepita, anakuja msikitini baada ya Isha na kumwomba imamu faragha. Anasema mke wake hajui kupika, na anataka arudishwe kwao akafundishwe. Wazee hutabasamu, humwambia awe na subira, na mambo huishia hapo. Ni mara chache huulizwa swali la kifiqhi: je, kupika ni wajibu wa mke? Na ni mara chache zaidi huulizwa swali la kihistoria: huko "kwao" ni nani alikuwa akifundisha, na kwa nini hafundishi tena? Tumeona tuyatazame maswali haya mawili kwa pamoja, tukianzia katika milima ya Uluguru, mahali ambapo neno "kwao" lina uzito wa pekee.

Waluguru wanahesabu nasaba kwa upande wa mama. Mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama yake, na ardhi ya kulima hupatikana kupitia ukoo huo. Watafiti Roland Young na Henry Fosbrooke, waliochapisha kitabu juu ya ardhi na siasa za Waluguru mwaka 1960, walikuta mpangilio huu ungali hai. Hata Simbamwene, mji uliokuwa hapo ilipo Morogoro ya leo, Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta ukitawaliwa na mwanamke, binti wa Kisabengo. (Namna desturi hii inavyopambana na elimu ya mirathi ni mlango mwingine, na hatutaufungua hapa.) La kuzingatia ni kwamba mara nyingi mume ndiye aliyehamia kwa wakwe. Alikula ndizi za shamba la ukoo wa mkewe, zilizopikwa mbele ya macho ya mama mkwe. Katika hali hiyo, kumrudisha mke kwao akafundishwe kupika kusingekuwa na maana, kwa sababu mume mwenyewe alikuwa akiishi huko huko.

Mwalimu wa kwanza alikuwa bibi mzaa mama. Chuo chake kilikuwa mafiga matatu, jina ambalo hadi leo ni la kata moja mjini Morogoro. Msichana alianza kwa kuchota maji na kupepeta kwa ungo, kisha akapewa mchi, kisha akaachiwa chungu. Alipovunja ungo aliwekwa ndani akawa mwali, na kungwi akamkamilishia mafunzo ya unyumba. Hatusemi kwamba yote yaliyofundishwa katika unyago yanakubalika kisharia; mengine hayakubaliki, na kumfungia binti ndani muda mrefu kulimkosesha masomo. Lakini desturi ilipoachwa, mwalimu naye aliondoka pamoja nayo, na hatukumweka mwingine mahali pake. Hilo ni kosa letu sisi, wala si la mabinti.

Na elimu yenyewe haikuwa ndogo. Mlima huu una vilele vinavyopita mita 2,600, na majiko yake hayafanani. Upande wa mashariki, Kinole, Mkuyuni na Matombo, kuna ndizi, mihogo, nazi, na viungo kama mdalasini, karafuu na pilipili manga. Upande wa Mgeta kuna baridi, na hapo wanapika njegere, maharage, viazi na kabichi. Bibi hakuwa na kipimo cha gramu wala saa ya ukutani. Alijua kwa harufu, kwa mlio wa chungu, kwa ugumu wa mwiko mkononi.

Tuchukue kisamvu. Majani ya muhogo yana sumu. Hutwangwa kinuni mpaka yalainike, yakachemshwa muda mrefu, ndipo tui la nazi likatiwa mwishoni. Mihogo michungu nayo huloweka siku kadhaa au huvundikwa, ikaanikwa ikawa makopa, ndipo ikasagwa. Asiyejua sababu ataona ni kazi ya kupoteza muda. Mfano wa hatari yake tunaupata mbali na Morogoro, wilayani Tarime mkoani Mara. Mwaka 1985, wakati wa ukame, familia zilikula mihogo michungu ambayo matayarisho yake yalikuwa yamefupishwa kwa sababu ya njaa. Watu walipooza miguu ghafla, kwa maradhi ambayo wataalamu wanayaita konzo, nayo miguu ikishapooza hairudi ilivyokuwa. Wanawake wale walikuwa wanaijua kazi yao; njaa ndiyo iliyowanyima siku za kungoja. Ikiwa mjuzi aliyeharakishwa yalimpata hayo, basi asiyefundishwa kabisa tumhofie zaidi.

Sasa tuje kwenye ulaji. Tusijidanganye kwamba zamani baba, mama na watoto wote walizunguka sahani moja. Katika nyumba nyingi za Morogoro, kama za pwani, wanaume walikula barazani, na wanawake na watoto wadogo walikula uani. Allah (S.W.) ameondoa uzito katika jambo hilo. Katika Suratun-Nur, aya ya 61, amebainisha kwamba si dhambi kula pamoja au mbali mbali, na akazitaja nyumba ambazo mtu anaweza kula bila ya karaha: za baba na za mama, za ami na za shangazi, na pia za wajomba na za mama wadogo na wakubwa. Mluguru anayeisoma aya hii anaijua vizuri nyumba ya mjomba.

Lakini kila sinia lilikuwa na mkubwa wake, na mkubwa alifundisha. Umar bin Abi Salama (R.A.), mtoto aliyelelewa nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), mkono wake ulikuwa ukizunguka sahanini. Hakupigwa wala hakufukuzwa. Aliambiwa ataje jina la Allah, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake, naye akabaki na mwendo huo. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Leo mtoto anapakuliwa sahani yake, anakwenda nayo mbele ya televisheni. Nani atauona mkono wake?

Turudi kwa kijana wetu. Sisi Waislamu wa Afrika Mashariki wengi wetu ni wa madhehebu ya Imamu Shafi, na Minhaj ya Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia) inasomeshwa katika darsa zetu. Humo chakula cha mke kimepimwa: mwenye uwezo atoe mudi mbili, wa kati mudi moja na nusu, masikini mudi moja. Hukumu haiishii kwenye nafaka. Kwa kauli iliyo sahihi zaidi, gharama ya kusaga na ya kuoka mkate nayo iko juu ya mume. Na mke akila pamoja na mumewe kwa ada iliyozoeleka, nafaka ile haidaiwi tena, kwani chakula kile cha pamoja kimesimama mahali pa nafaka.

Wapo wanachuoni waliosema vingine. Wahanafi wameona kazi ya nyumbani inamlazimu mke kidini, ila kadhi hawezi kumlazimisha. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibnul-Qayyim wameona ni wajibu kwa mujibu wa ada ya watu. Miongoni mwa hoja zao ni Bibi Fatima (R.A.) aliyeota sugu mikononi kwa kusaga, na Bibi Asma binti Abi Bakr (R.A.) aliyemhudumia Zubayr (R.A.). Jumhuri wamejibu kwamba hayo yalikuwa hisani na tabia njema. Na katika riwaya hiyo hiyo Bibi Asma anaeleza kwamba hakuwa hodari wa kuoka mkate, wakawa wanamwokea majirani zake wa Kiansari, naye akawasifu. Hatukuti humo kwamba Zubayr alimrudisha kwa Abu Bakr akafundishwe.

Kwetu sisi, mke aliyeolewa katika ada inayojulikana anapika kwa wema, na wema hujibiwa kwa wema. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na wakati wa swala ukifika hutoka. Basi hatuoni sababu ya kumfundisha kisamvu binti peke yake. Vijana waliopanga vyumba Kihonda na Msamvu wanakula chipsi mayai kila usiku, na mama lishe anayewalisha mchana mara nyingi ni mwanamke aliyeteremka mlimani, anayeuza kile alichofundishwa na bibi yake bure.

Kwa hiyo kijana yule akija tena baada ya Isha, imamu asianze na mke. Amuulize kwanza: nafaka umeleta kiasi gani, na pesa ya mashine ya kusaga ameitoa nani?

Wallahu aalam.