Njia ya Wapagazi: Jinsi Injili Ilivyofika Unyamwezi

Kitabu cha Matendo ya Mitume hakitaji majina ya watu waliolianzisha Kanisa la Antiokia. Kinaeleza tu kwamba walikuwa watu wa Kipro na Kirene, waliotawanyika kwa sababu ya dhiki iliyotokea baada ya kifo cha Stefano. Barnaba alipotumwa kutoka Yerusalemu kwenda kuwatazama, alikuta kazi imekwisha kuanza. Barabara walizopita watu hao zilitengenezwa kwa ajili ya majeshi na biashara ya Dola ya Kirumi, wala si kwa ajili ya Injili. Lugha waliyoitumia ilikuwa Kiyunani cha sokoni, kilichoeleweka kutoka bandari moja hadi nyingine.

Anayeisoma historia ya Tabora ataona jambo linalofanana na hilo. Njia kuu ya misafara ilianzia pwani, hasa Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji penye Ziwa Tanganyika. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kaze mwaka 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga matembe yao. Lakini mabega yaliyoibeba biashara hiyo yalikuwa ya Wanyamwezi. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, akaenda pwani kwa miezi kadhaa na kurudi, na katika safari hizo Kiswahili kilienea barani kabla ya shule yoyote kufunguliwa. Njia hiyo hiyo ilipitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Hilo halifai kufichwa hata katika kitabu cha shukrani, kwa maana baadhi ya Wakristo wa kwanza kuikanyaga ardhi ya Unyamwezi walikuwa wamewahi kuuzwa.

Mmoja wao ni Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa kutoka utumwani na kusomeshwa katika shule ya misioni huko Nasik, Bara Hindi. Mwaka 1872 alifika Kwihara, karibu na Tabora, pamoja na watu waliopelekwa kumsaidia Daktari Livingstone. Livingstone alipofariki mwezi Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Wainwright ndiye aliyesoma ibada ya maziko mahali moyo wake ulipozikwa. Mwili ulikaushwa, ukafungwa kama mzigo wa kawaida, ukabebwa na watu wake wakiongozwa na Susi na Chuma. Walipofika Unyanyembe walikutana na Luteni Cameron, ambaye aliwashauri wamzike hapo. Walikataa, wakaendelea hadi pwani. Katika mazishi ya London mwezi Aprili 1874, Wainwright alikuwapo. Susi na Chuma walifikishwa Uingereza baada ya mazishi kwisha. Wainwright baadaye alirudi barani, naye alifariki Urambo mwaka 1892.

Urambo palikuwa makao ya Mtemi Mirambo. Wamisionari wa London walikuwa wamejaribu kuifikia nchi ya maziwa kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, lakini ng'ombe walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o, na misioni ikalazimika kuwategemea wapagazi kama wafanyabiashara wengine wote. Mirambo alimpokea tabibu wao, Dkt. Southon, mwaka 1879. Southon alifariki mwaka 1882, na Mirambo mwenyewe mwaka 1884. Kituo kilidumu karibu miaka ishirini, nacho kilipata waongofu wachache mno. Mapadre Weupe, waliofika Tabora mwaka 1878, nao walilazimika kukiacha kituo chao cha Kipalapala mwaka 1889. Hata hivyo, ni wao waliomleta Adrien Atiman, mtoto wa nchi za mto Niger aliyeuzwa utumwani, akakombolewa na kusomea uganga Malta. Atiman aliwatibu watu wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi alipofariki mwaka 1956. Ni vigumu kumpata mmisionari wa Ulaya wa kizazi chake aliyedumu muda mrefu kama huo mahali pamoja.

Mwaka 1898 Wamoravian walikabidhiwa Urambo. Sikonge ilifuata mwaka 1902, na Tabora yenyewe mwaka 1912. Hao walijifunza Kinyamwezi kwa bidii; kamusi ya Edmund Dahl iliyochapishwa mwaka 1915 ni ushahidi wa kazi hiyo. Kisha vita vikaja. Majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Tabora mwezi Septemba 1916, wamisionari Wajerumani wakaondolewa, na walimu wenyeji wakabaki na kundi. Hapo ndipo ilipojulikana kama Kanisa lilikuwa la wageni au la watu wenyewe.

Misioni za Kilutheri kutoka Ujerumani zilikuwa kwingine: Usambara, Kilimanjaro, Nyanda za Juu za Kusini na Bukoba. Reli, iliyofika Tabora mwaka 1912, ilichukua nafasi ya mabega ya wapagazi, na Mkristo aliyehamia mji mgeni kwa kazi alisafiri na kitabu chake cha nyimbo. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 ikawapa Wakristo wa madhehebu na makabila mengi maneno yale yale ya kusoma. KKKT ilipoundwa mwaka 1963, Ulutheri haukuwa tena jambo la Wachaga, Wahaya au Wahehe peke yao.

Mwaka 1972 watu wakaja tena kwa miguu, safari hii kutoka magharibi. Walikuwa wakimbizi wa Burundi, na maelfu yao walipewa ardhi Ulyankulu, katika mkoa wa Tabora. Shirika la Kikristo la Kuwahudumia Wakimbizi, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni, lilisaidia kuyajenga makazi hayo kwa visima, barabara, shule na zahanati. Wengi wa wakimbizi hao walikuwa tayari ni Wakristo. Walifika na wainjilisti wao, wakaanza ibada chini ya miti kabla ya nyumba za kwanza kuezekwa.