Matthew Lyon, Mbunge Aliyechaguliwa Gerezani

Katika habari za watu wa kwanza wa Marekani twamkumbuka Matthew Lyon, mzaliwa wa Ireland. Alivuka bahari yapata mwaka 1764, kijana asiye na nauli, ikampasa kumtumikia bwana huko Connecticut mpaka deni limalizike. Yasimuliwa kwamba bwana wake wa pili alimnunua kwa fahali wawili.

Mwaka 1774 alihamia Vermont, akalima. Vita vya kujitenga na Uingereza vilipoanza alifanywa luteni. Lakini mwaka 1776 askari wake waliiacha ngome yao, naye akafukuzwa jeshini kwa aibu. Baadaye alirudishwa, akawa mtunza fedha wa kikosi.

Aibu ile haikumwacha. Alipokwisha kuingia katika Bunge la nchi, Januari 1798, Roger Griswold alimkejeli kwayo mbele ya watu. Lyon akamtemea mate usoni. Hatumsifu kwa hilo.

Mwaka huohuo ilitungwa sheria ya kuwaadhibu wenye kuitukana serikali. Lyon alikuwa ameandika kwamba Rais John Adams apenda fahari kupita kiasi. Akahukumiwa kifungo cha miezi 4 na faini ya dola 1,000. Basi, akiwa gerezani Vergennes, watu wa Vermont walimchagua tena!

Alifariki mwaka 1822. Mwaka 1840 Bunge liliwarudishia warithi wake faini ile pamoja na riba.