Nafasi ya Valvu: Habari za Zamani za Kufunga Tapeti

Somo la leo ni juu ya kitu kidogo sana, yaani nafasi iliyo baina ya valvu ya pikipiki na chuma kinachoisukuma. Kuipima nafasi hiyo na kuirekebisha, mafundi huita kufunga tapeti. Asiye na pikipiki asizime redio. Huenda mwanawe anayo.

Msikilizaji mmoja, dereva wa bodaboda, ametuandikia barua. Injini yake ilikuwa ikigonga tak-tak-tak. Fundi akakaza tapeti mpaka kelele ikaisha, naye akalipa kwa furaha. Baada ya majuma machache nguvu ikapungua, na valvu ya moshi ikakutwa imeungua. Anauliza: Imeunguaje, na injini ilikuwa kimya? Ndugu yetu, ngoja kidogo, tuanze mbali.

Mwaka 1885, huko Cannstatt katika Ujerumani, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walitengeneza chombo cha mbao chenye injini ya petroli, babu wa pikipiki zetu. Valvu yake ya kutolea moshi ilisukumwa na mtambo. Lakini ya kuingizia hewa na petroli haikusukumwa na kitu. Pistoni iliposhuka ilivuta, na mvuto huo ukaifungua valvu. Kisha springi laini ikairudisha. Kwa valvu hiyo hapakuwa na nafasi ya kupima.

Hayo yalifaa kwa injini za polepole. Injini ilipozunguka kwa kasi, valvu ya kuvutwa ilichelewa. Harley-Davidson ya Marekani ilitoa pikipiki ya silinda mbili mwaka 1909 yenye valvu za namna hiyo, nayo haikufaulu. Mwaka 1911 ikarudi, valvu zote zikisukumwa na mtambo.

Hapo mwenye pikipiki akaongezewa kazi. Chuma kikipata moto hurefuka. Kama valvu na kisukumio chake vinagusana tangu injini ikiwa baridi, vikirefuka valvu huinuliwa kidogo kutoka kwenye kiti chake, isifunge sawasawa. Ndiyo sababu nafasi huachwa. Katika BSA M20, pikipiki ya jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, valvu ya kuingizia iliachiwa kama milimeta 0.25, na ya moshi 0.30, kwa kuwa ya moshi hupata joto kubwa zaidi.

Sasa sikilizeni vizuri. Valvu ya moshi hupoa inapokalia kiti chake, kwa maana joto lake hupitia hapo kwenda kwenye kichwa cha silinda. Isipokaa, moto hupenya pembeni yake na kuila. Tena, vitu vingi vikilika hulegea, lakini valvu ikilika kitini huzama, mkia wake ukasogea karibu na kisukumio, na nafasi ikapungua. Kwa hiyo kelele nayo hupungua! Valvu inayogonga ina kosa, lakini inakuita. Iliyobanwa haisemi neno.

Watengenezaji walijua kwamba wengi hawapimi. Mwaka 1948 Harley-Davidson ilileta visukumio vinavyojirekebisha kwa nguvu ya mafuta ya injini. Honda ya Japani ilishika njia nyingine: CG125, iliyotoka mwaka 1976, ilirudia fimbo za kusukumia badala ya mnyororo wa ndani, ili ivumilie mizigo mizito na utunzaji mdogo. Pikipiki nyingi kutoka China zilizoingia Afrika Mashariki tangu miaka ya 2000 zina injini za mfano huo. Hata hivyo nafasi bado hupimwa kwa mkono.

Kwa CG125 yenyewe ni milimeta 0.08, karibu na unene wa karatasi ya daftari lako. Hupimwa asubuhi, kabla injini haijawashwa, pistoni ikiwa juu na valvu zote mbili zimefunga. Kwa pikipiki nyingine, tazama kitabu chake.

Ndugu yetu wa bodaboda, valvu mpya ikishatiwa, mwambie fundi atumie kipimo, asitumie sikio. Mlio mdogo ukibaki, uache.