Kipakatalishi cha darasa la kwanza: tulivyobashiri 2013

Wadau, mwaka 2013 Jubilee ilipoahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, nilikuwa shule ya upili hapa Nakuru. Mabwenini tulibishania RAM. Wenzangu walisema giga nne. Mimi nilikumbuka XO, kompyuta ya watoto ya mradi wa OLPC: ilitangazwa kuwa ya dola 100, ikatoka 2007 kwa karibu dola 200, na RAM megabaiti 256 tu! Umeme hatukuutaja, ingawa shule nyingi za msingi hazikuwa nao. Zabuni ya kwanza ilibatilishwa 2014. Mwaka 2016 zikaja tableti, kupitia JKUAT na Chuo Kikuu cha Moi. Mdogo wangu, niliyekuwa nikimpigia hesabu hizo zote, alikuwa darasa la tatu.