Twiga wa Malindi

Historia ina mambo ambayo, lau yangesimuliwa bila ya tarehe, yangedhaniwa kuwa hekaya. Moja katika hayo ni safari ya twiga aliyetolewa Malindi akafikishwa Uchina mwaka 1415, akapokewa huko kwa heshima ambayo wajumbe wachache wa kibinadamu wamepata kuiona.

Zama hizo Uchina ilitawaliwa na Yongle, mfalme wa tatu wa ukoo wa Ming. Merikebu zake, chini ya jemadari Zheng He, aliyezaliwa katika nyumba ya Kiislamu, zilikuwa zikisafiri katika Bahari ya Hindi tangu mwaka 1405. Mwaka 1414 mfalme wa Bengali alimpelekea Yongle twiga kuwa tunu. Mwaka uliofuata Malindi ikapeleka wa pili.

Wachina hawakumzoea mnyama yule. Lakini vitabu vyao vya kale vilimtaja mnyama aitwaye qilin, mwenye mwili wa paa na mkia wa ng'ombe, mpole hata hakanyagi majani mabichi. Ilisemwa kuwa haonekani ila mtawala mwadilifu anapokuwa katika kiti. Twiga alikuwa na kwato, alikuwa mpole, wala hakula nyama. Hayo yakatosha. Wanazuoni wengine hudhani kuwa hata jina lake la Kisomali, geri, lilisikika masikioni mwa Wachina kama qilin.

Lakini palikuwa na sababu nyingine iliyojificha. Yongle hakurithi kiti. Alikitwaa mwaka 1402 kwa kumpiga vita mtoto wa kaka yake. Mtawala wa namna hiyo huhitaji shahidi, na shahidi asiyeweza kusema ndiye bora kuliko wote. Twiga wa kwanza alipofika, Shen Du, mwandishi wa baraza, alitunga sifa zake. Wakuu wa dola walipotaka kutoa pongezi rasmi, mfalme alikataa, akasema kuwa nchi ikiwa na amani, kukosekana kwa qilin hakuzuii utawala mwema. Hata hivyo, twiga wa Malindi alipowasili, mfalme yule yule alitoka hata lango la jumba lake kumlaki, na wakuu wakasujudu.

Wajumbe wa Malindi walirudishwa kwao katika safari ya merikebu ya mwaka 1417 hata 1419. Yongle alifariki mwaka 1424. Baada yake ilifanywa safari moja tu kubwa, iliyokwisha mwaka 1433, kisha dola ikazifunga safari hizo.

Mnyama alikuwa yule yule. Katika nyika za Pwani alikuwa mla majani ya migunga, ambaye mchungaji humpita bila ya kugeuza shingo. Ng'ambo ya bahari akawa hoja ya uhalali wa kiti cha enzi. Bahari haikumbadili hata unywele. Kilichobadilika ni haja ya waliomtazama, na mara nyingi haja ndiyo ikipayo kitu jina kabla ya macho kukichunguza.